Caninsulin na sindano za U-40 kwa mbwa mwenye sukari: nilivyoiona mie hapa Unguja

Nianze na lile kubwa halafu mengine yafuate. Kama dawa unaipata lakini sindano zake huzipati, usinunue dawa, subiri mpaka vyote viwili viwe mkononi. Nalisema mapema kwa sababu najua mtu akishasikia jina la dawa anakimbilia kuulizia bei na kuagiza, na hapo ndo mbwa wanapoumizwa.

Mbwa wetu ni jike, anaitwa Popi, analinda shamba letu huku juu ya Bububu, migomba, muhogo na kuku wa mama mkwe. Ni mtu mzima sasa, uzito wake kama kilo 16. Alianza kunywa maji khasa, ukijaza ndoo asubuhi adhuhuri imekauka, anakojoa kila pahala, anakula chakula chake na cha kuku akikipata na bado mbavu zinahesabika. Kijana wa shamba ndo wa mwanzo kuja kuniambia, "dada, huyu mbwa akikojoa sisimizi wanajaa", na mama mkwe ambae mwenyewe ana sukari siku nyingi akasema palepale, huyo ana sukari, mpelekeni kwa daktari. Daktari wa mifugo alipompima damu ikawa kweli. Alitueleza kwamba mbwa sukari yake ya kawaida iko kwenye 4 mpaka 6 na kitu kwa kipimo cha mmol/L, ikishapanda zaidi ya 10 au 12 figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo, na ikimwagika inavuta maji, ndo maana ya kiu yote ile. Na mbwa si kama mtu mzima ambae mara nyingi anaanza na vidonge, kwa mbwa kongosho huwa limeshaacha kutoa insulini, vidonge havimsaidii, ni sindano mara mbili kwa siku maisha yake yote.

Tukapewa njia mbili. Moja ni insulini ya binadamu ile inayofanya kazi kwa muda wa kati, inaitwa NPH, unaipata famasi, wengine mnaijua kwa majina ya Insulatard au Humulin N. Ya pili ni Caninsulin, imetengenezwa makusudi kwa mbwa na paka, kampuni yake ni MSD, Marekani dawa hiyohiyo inauzwa kwa jina la Vetsulin. Tulichagua ya pili, na hii ndo nnayoitolea maoni, lakini nitailinganisha na ile ya mwanzo kwa sababu kwa mtu wa Zanzibar lazima ulinganishe, si kila mtu ataweza kuipata hii kila mwezi.

Sasa hizo sindano. Caninsulin ina uniti 40 kwenye kila mililita moja. Insulini ya binadamu mnayoiona famasi ina uniti 100 kwenye mililita moja. Mabomba ya sindano yamechorwa kufuata dawa yake, kuna bomba la U-40 na kuna bomba la U-100, ukiyatazama haraka yamefanana, madogo, membamba, yana mistari, lakini mstari mmoja wa hili si sawa na mstari mmoja wa lile. Popi anachomwa uniti 6. Kwenye bomba la U-40 hiyo ni mililita 0.15. Ukichukua Caninsulin hiyohiyo ukaivuta kwenye bomba la U-100 mpaka mstari wa 6 umevuta mililita 0.06, yaani mbwa kapata uniti 2.4 tu, hata nusu ya dozi haikufika, na utakaa unalalamika dawa haifanyi kazi. Upande wa pili ndo wa kuogopa zaidi, ukiwa na insulini ya binadamu ukaivuta kwa bomba la U-40 mpaka mstari wa 6, umempa uniti 15. Hio inaua. Inaua mbwa mzima mwenye nguvu zake.

Mie nilipokwenda kuongeza sindano kwenye duka moja la dawa mjini, kijana aliyekuwepo akanipa za U-100 na akaniambia sindano za sukari zote ni moja. Kwa sababu daktari alishatukalisha chini akatuchorea yote haya kwenye karatasi nilizirudisha palepale, lakini nikawaza, yule ambae hajachorewa je? Kwa kawaida za U-40 zina kifuniko chekundu na za U-100 cha rangi ya chungwa, lakini rangi isikutoshe, soma maandishi kwenye bomba lenyewe, yameandikwa. Na mkiagiza dawa kutoka bara, agizeni sindano pakti kadhaa kwa mpigo maana sindano haziharibiki upesi, dawa ndo inayoharibika.

Nyumbani kwetu hili lina uzito zaidi kwa sababu friji moja, wagonjwa wawili. Mama mkwe ana insulini yake ya U-100 na sindano zake, Popi ana yake ya U-40. Tulichofanya, dawa ya mama na sindano zake zinakaa kwenye kopo lake rafu ya juu, ya Popi kopo jengine lenye mfuniko rafu ya chini kabisa, limefungwa utepe mwekundu, na sindano zake haziingii kabisa kwenye chumba cha mama. Kama nyumba yenu kuna mtu mwenye sukari na mna mbwa mwenye sukari, fanyeni hivi kabla hata ya sindano ya kwanza.

Na kopo mbalimbali lina sababu nyengine, ambayo Waislamu wenzangu lazima muijue kabla ya kununua maana kwenye kasha imeandikwa lakini mtu hasomi. Caninsulin ni insulini ya nguruwe. Nimeona nilitaje wazi kwa sababu mwengine atakuja kulijua baadae na itamkera. Sababu ya kitaalamu ni kwamba insulini ya nguruwe na ya mbwa ni sawasawa kabisa, mwili wa mbwa hauioni kama kitu kigeni, wakati ya binadamu inatofautiana na hiyo kwa kipande kimoja kidogo tu. Hata binadamu miaka mingi walikuwa wanachomwa ya nguruwe na ya ng'ombe, mpaka 1982 ilipoanza kuruhusiwa ile inayotengenezwa na vijidudu kiwandani. Sisi tulimuuliza ustadhi wetu kabla ya kuanza, na nyinyi muulizeni wenu, mie si wa kutoa hukumu. Ninachoweza kusema ni ninavyofanya, navaa glovu kila mara, tone likidondoka najua la kufanya, na meza ya kupakulia chakula cha watu haiguswi na kitu chochote cha Popi. Na kama moyo wako hautaki kabisa nguruwe nyumbani, NPH ya binadamu haina nguruwe ndani yake na mbwa wengi wanaishi nayo vizuri, muombe daktari akupangie hiyo, na hapo sindano zako zitakuwa za U-100.

Kuna wanaouliza hapohapo, mbwa mwenyewe je, utamshikaje kila siku mara mbili na wewe unasali? Mbwa wa kulinda shamba karuhusiwa, hilo liko wazi, na sisi tuliosomeshwa Kishafii tunajua kikavu kwa kikavu hakuna najisi, shida ni unyevu, ni mate. Sindano ya insulini haina unyevu wa maana. Unamshika ngozi yake kavu, unachoma, umemaliza, mdomo wake uko ndani ya bakuli wala hauko kwako. Nina khanga moja kuukuu na glovu, basi, na sala zangu ziko palepale.

Kuchoma kwenyewe ni jambo dogo kuliko mnavyofikiri. Mie nilikuwa nikiona sindano roho inanienda mbio, na sasa nachoma huku nazungumza na watu. Sindano ni nyembamba mno. Unachukua chupa kwenye friji, Caninsulin karatasi yake inasema uitikise vizuri mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa halafu uache povu litulie, ile ya binadamu ya NPH ndo haitikiswi, hiyo unaiviringisha taratibu kwenye viganja. Msichanganye maelekezo haya mawili. Unavuta dozi, unaangalia hakuna kiputo cha hewa, kikiwepo unagonga bomba kwa kidole mpaka kipande juu halafu unakirudisha. Mbwa anakula. Unainua ngozi ya ubavuni ile iliyolegea, inajifanya kama hema, unachoma chini ya hema, siyo kwenye nyama, unasukuma mpaka mwisho, unatoa. Leo ubavu wa kulia, jioni wa kushoto, kesho sogeza kidogo mbele au nyuma, ukichoma pahala pamoja kila siku ngozi inakuwa ngumu na dawa haipiti sawa. Baada ya hapo papasa manyoya, yakiwa yamerowa maana yake sindano imetokea upande wa pili na dawa imemwagika nje. Ikitokea hivo usirudie! Hata kama unahisi imemwagika yote, hujui kiasi gani kimeingia, acha mpaka zamu ijayo. Sukari ikiwa juu siku moja mbwa hafi, ikishuka sana kwa dozi mbili anaweza kufa siku hiyohiyo.

Saa. Hapa kwetu Mungu katurahisishia, jua letu halipishani sana mwaka mzima, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ukimaliza alfajiri na pirika zako ndogo unamchoma, na jioni unamchoma kabla ya adhana ya magharibi. Ramadhani nilikuwa na wasiwasi maana saa kumi na mbili jioni ndo jikoni kumewaka moto, uji, tambi, viazi, kila mtu anakuita, lakini ndo ikabidi Popi awe wa mwanzo, anakula na kuchomwa kabla sijaanza kuandaa futari. Ukiteleza nusu saa si balaa, lakini usifanye saa mbili leo na saa kumi kesho.

Chakula kinatakiwa kiwe kilekile, kiasi kilekile, mara mbili, na kila mara kiende na sindano yake. Huu ndo mtihani wetu huku kwa sababu mbwa wa shamba anakula kinachobaki, leo wali, kesho ugali, keshokutwa vichwa vya samaki na chapati tatu kwa sababu kulikuwa na hitma. Ukimpa hivo dozi haiwezi kukaa sawa, dawa itasingiziwa bure. Sisi tunampikia dagaa na ugali kidogo na mboga kwa kipimo cha bakuli lake, na watoto wamekatazwa kabisa kumrushia tende, embe, halua na mkate wa mchele. Msimu wa embe ndo vita, zinaanguka zenyewe na anaziokota, kijana wa shamba anaokota kabla yake. Na mbwa asipokula, usimchome dozi nzima ukisema atakula baadae. Mpigie daktari kwanza.

Kushuka kwa sukari nakuandikia kwa herufi zote ukakukumbuke: mbwa anakuwa dhaifu, anayumba kama kalewa, anatetemeka, anakutazama hakujui, mwisho anaanguka na kukakamaa. Popi lilimpata mara moja alipokula asubuhi akatapika chote porini na hakuna aliyemuona, adhuhuri kijana akanipigia simu anasema mbwa anakwenda upande. Asali. Ipakwe kwenye ufizi kwa kidole chenye glovu, au maji ya sukari mazito, na akikakamaa usiingize kidole katikati ya meno, paka kwenye shavu ndani ya mdomo tu, halafu mkimbize kwa daktari hata kama kazindukana. Chupa ndogo ya asali inakaa shambani, moja iko kwenye gari. Kitu chengine, vile vitamu visivyo na sukari vilivyoandikwa xylitol, bazoka na pipi za wenye sukari, kwa mbwa ni sumu, vinamshusha sukari vibaya na kumharibu ini. Mama mkwe anazo pipi hizo, ziko juu kabatini.

Umeme. Wenyewe mnaijua Unguja, wanaokumbuka mwaka 2008 tulivyokaa karibu mwezi mzima bila umeme, na ule mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010, wanajua friji si kitu cha kutegemea peke yake. Dawa inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, isigande hata mara moja, ikiganda tupa hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima. Kwa hiyo isikae karibu na friza wala kugusa barafu. Umeme ukikatika tusifungue friji ovyo, ukizidi masaa tunaihamisha kwenye kasha la barafu la wavuvi, barafu chini, kitambaa kizito katikati, dawa juu ndani ya kopo lake. Kuna utafiti wa MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva uliotoka 2021, walipima joto la nyumba za kambi ya Dadaab kule Kenya, usiku 25 mchana 37, wakakuta insulini za binadamu walizozijaribu zimehimili wiki nne kwenye hali hiyo. Hilo lilinituliza roho kwamba masaa machache si mwisho wa dunia, lakini zilikuwa za binadamu siyo hii, kwa hiyo kwa Caninsulin nafuata karatasi ya kasha. Dawa ikibadilika, ina mabonge, ina vipande vimeganda kwenye kioo, hata ukitikisa haiwi sawa, usimchome nayo.

Hapa ndo nakuja kwenye kilichonifanya niikate nyota moja. Karatasi ya kasha letu inasema ukishatoboa chupa itumike ndani ya siku 28, Marekani kwenye Vetsulin wameandika 42, mie nafuata ya kwetu. Chupa zipo za mililita 10 na ndogo za mililita 2.5. Fanya hesabu kabla ya kununua. Popi anatumia uniti 12 kwa siku, kwa siku 28 ni 336. Chupa kubwa ina 400, kwa hiyo kuna 64 zinamwagwa kila mwezi, inauma kwa dawa inayotafutwa kwa shida namna hii lakini ndo hivo. Chupa ndogo ina 100 tu, kwetu ni siku 8, haina maana. Lakini mwenye kijimbwa cha kilo nne tano kinachochomwa uniti moja au mbili, achukue ndogo, ya kwake inakwenda wiki tatu mpaka siku zake 28 ziishe, kubwa ataimwaga karibu yote. Na upatikanaji wake ndo mzigo khasa, sisi inapitia kwa daktari, inaagizwa bara na inakuja kwa boti ndani ya kasha la barafu, kwa hiyo chupa mpya inaagizwa wakati ya zamani bado ina wiki mbili mbele. Asiekuwa na njia ya uhakika, nasema kwa kumuonea huruma mbwa wake, aanze na NPH. Kubadilisha dawa katikati kwa sababu boti haijaleta, kutoka U-40 kwenda U-100 na sindano zibadilike na dozi ianze upya, ni hatari kuliko kuanza na ile ambayo famasi ipo siku zote.

Je inafanya kazi? Inafanya, wallahi. Kiu ilianza kupungua ndani ya wiki chache, mkojo ukarudi kawaida, na mgongo wake ukaanza kujaa nyama. Haikuja mara moja, dozi ilipandishwa kidogokidogo, daktari alianza chini, alituambia huwa wanaanzia robo mpaka nusu uniti kwa kila kilo kila sindano, halafu wanapima. Siku ya kupima anatobolewa kidogo ukingoni mwa sikio kila baada ya masaa mawili kwa masaa 12, ili aone sukari inashuka mpaka wapi na dawa inadumu vipi. Ukitumia mashine ya kupimia ya binadamu inasoma, lakini kwa mbwa aghlabu inaonyesha chini ya ilivyo, kwa hiyo daktari ajue unatumia mashine gani kabla hajabadilisha kitu. Kwetu ikionyesha chini ya 4 napiga simu. Na usijipandishie dozi mwenyewe nyumbani kwa sababu leo kakojoa sana.

Ambacho dawa haikufanya ni macho. Mtoto wa jicho unakuja kwa mbwa wengi wenye sukari, wengi ndani ya mwaka wa mwanzo, na ukishaingia insulini haiutoi. Popi jicho la kushoto limeshaingia ukungu. Anajua njia zake zote za shamba, hatujabadilisha kitu pahala pake. Na kwa wenye majike, daktari alisisitiza atolewe kizazi, kwa sababu homoni za baada ya joto, yaani zile siku za kutaka dume, zinaizuia insulini kufanya kazi na dozi haitulii. Tulifanya, na kweli baada ya hapo namba zikaanza kueleweka.

Daktari siku hiyo alimsimulia mama mkwe kwamba 1889 kule Ujerumani von Mering na Minkowski walimtoa mbwa kongosho ndo ikajulikana sukari inatoka wapi, na 1921 Toronto akina Banting na Best wakaipata insulini kwa kuwajaribia mbwa, na Januari 1922 akachomwa binadamu wa mwanzo. Mama akanyamaza, akasema kumbe hii ninayojichoma imepitia kwao. Hampendi mbwa, hajawahi kumgusa na hatamgusa, lakini tangu hapo yeye ndo anaeniita, "mwanangu, saa imefika, mnyama wako hajachomwa."

Kuna kalamu yake pia, inaitwa VetPen, unatia kichupa chake ndani unazungusha namba, ya uniti 8 inakwenda kwa nusu nusu na ya 16 kwa uniti moja moja. Mie sikuichukua kwa sababu vichupa vyake ni habari nyengine ya kuagiza, lakini kwa mtu mwenye macho dhaifu au mikono inayotetemeka mistari ya bomba ni midogo kweli, na kalamu inamuondolea balaa lote la U-40 na U-100. Hapo ningetoa pesa.

Sindano zilizotumika zinaingia kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko, likijaa linakwenda kwa daktari, siyo jaani ambako watoto wanaokota.

Na mkisafiri lazima pawe na mtu wa pili. Tulipokwenda Pemba harusini kijana wa shamba alishafundishwa, alianza kwa kuvuta maji na kuchoma chungwa, halafu akamchoma Popi mbele yangu jioni kadhaa mpaka mkono ukatulia. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi ya mwezi, kila sindano mtu aliyechoma anaandika saa na jina lake palepale kabla hajavua glovu. Ukifika ukakuta pamekaa wazi na hakuna anaekumbuka kama mbwa kachomwa au hajachomwa, hachomwi mpaka zamu ijayo.